Zamu ya Chisato

Siku Reika Sonobe aliporudi mjini kwao na kumleta bintiye chekechea, Chisato ndiye aliyekuwa mlangoni akipokea watoto, na ndiye aliyemvua yule mtoto viatu. Alivipanga kwenye kijumba chenye jina jipya, akainua uso, akakutana macho kwa macho na mtu ambaye yeye Chisato alimchukia tangu wakiwa wasichana wa sekondari.

Reika akamshika mikono yote miwili kama ndugu aliyepotea. "Chisato, ni wewe? Kumbe hujatoka hapa?"

"Nipo," Chisato akasema. "Karibu, Mama Suzu."

Suzu alikuwa na miaka minne, mtoto wa kimya mwenye mashavu mekundu, na alipangiwa darasa la Chisato. Mkuu wa chekechea, Bi Hatakeyama, alitoka ofisini karibu anakimbia. Alimwinamia Reika mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akamwambia kwamba hapakuwa na mtoto hata mmoja shuleni pale asiyemjua Monpei.

Monpei alikuwa fisimaji, yule mnyama wa mtoni mla samaki. Alikuwa na tumbo la mviringo na sharubu moja iliyopinda kama ndoano, na alikaa kwenye vitabu vya picha vyenye jina la Reika Sonobe. Kila chekechea ya Japani, kuanzia Yamagata mpaka visiwa vya kusini, ilikuwa navyo, kwa sababu vilifundisha kitu ambacho kila mwalimu wa watoto wadogo hukifundisha mpaka sauti inakauka. Mtoto akitaka kigari cha mwenzake hapokonyi. Anasema kashite, yaani niazime, tena kwa kuimba, ka-shi-te. Na mwenye kigari anategemewa ajibu kwa wimbo huohuo, ii yo, haya chukua. Katika vitabu vile wanyama wote wa mtoni walikuja kwa Monpei kumwomba mtumbwi wake, samaki wake, blanketi lake, naye kila mara alijibu ii yo, mpaka ukurasa wa mwisho akabaki hana kitu, ila marafiki tele.

Chisato alikuwa amevisoma kwa sauti mbele ya watoto miaka nenda miaka rudi. Hakuna hata siku moja aliyofungua ukurasa bila kuuona mkono wake mwenyewe.

Kwa maana fisimaji alikuwa wake. Babu yake ndiye aliyemsimulia habari za fisimaji waliokuwa wakicheza mtoni kabla hawajatoweka, na Chisato, katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari, akamchora kwenye kadi kubwa za kusimulia hadithi, apate kuwaonyesha watoto wa maktaba siku za Jumamosi. Reika alikuwa rafiki yake tangu wote wawili wakiwa na pua za makamasi. Alikuja nyumbani, akazitazama zile kadi muda mrefu, akasema kashite kwa sauti ya utani, ile ya kitoto, akaahidi kuzirudisha Jumatatu. Chisato akajibu ii yo. Lini aliwahi kumjibu vingine? Kadi zikaenda kwenye mashindano ya mkoa kwa jina la Reika, zikashinda, na Reika akapata nafasi katika chuo cha sanaa Tokyo.

Chisato alisema. Watu husahau kwamba alisema. Mwalimu wa darasa akamjibu kwamba wasichana waliolelewa pamoja hawachaniani nguo kwa sababu ya michoro. Mama yake akamjibu kwa kulia, maana baba alifanya kazi katika kiwanda cha pombe ya mchele cha baba yake Reika. Jioni moja akavishwa sare ya shule iliyopigwa pasi, akapelekwa nyumba ya akina Sonobe, akapigishwa magoti kwenye mkeka na kuamriwa aombe radhi kwa kumsingizia mwenzake. Akasema gomen ne, samahani, kama mtoto. Reika, aliyekaa kati ya wazazi wake, akajibu ii yo. Ndivyo wafundishwavyo watoto: ukiombwa samahani, jibu ni hilohilo. Na alilijibu huku akitabasamu.

Basi mtu huyo ndiye aliyemkabidhi Chisato mtoto wake mkononi.

Haikuanza kwa kupanga. Wiki ya kwanza Chisato alijitahidi kumtazama Suzu kama anavyowatazama wengine. Kisha siku moja uwanjani Suzu alikuwa juu ya bembea, ndiyo kwanza amepanda, na mvulana mmoja mtundu aitwaye Gaku akasimama mbele yake akaimba kashite. Suzu akakaza mikono kwenye minyororo. Chisato akachuchumaa kando yake akamuuliza kwa upole, "Suzu, fisimaji wa mama anasemaje?"

Mtoto akaangalia chini. "Ii yo," akasema, akateremka.

Kitu kitamu kikamshuka Chisato kooni, kama asali. Akashangaa kwamba kitu kidogo namna ile kinaweza kuwa kitamu hivyo.

Tangu hapo hakuacha. Ikawa bembea, ikawa kalamu nyekundu, ikawa kipande cha mwisho cha tofaa, ikawa nafasi ya kukaa karibu na hita asubuhi za baridi. Kila Suzu aliposita, swali lilikuwa lilelile, fisimaji wa mama anasemaje. Suzu naye alipoomba, na mwenzake akamjibu kwamba bado anatumia, Chisato alijifanya ana sakafu ya kufagia. Watoto hawahitaji kuelezwa jambo kama hilo. Haukupita muda wakajua pale pa kuchota, wakawa wanamwendea Suzu hata kwa kitu wasichokitaka, kwa raha tu ya kuomba na kupewa, na Gaku akatunga kawimbo kwamba Suzu ni duka lisilofungwa.

Lililomkera Chisato ni kwamba mama mtu alifurahi. Jioni alipomfuata mwanawe alisimama mlangoni akiwasimulia wazazi wengine jinsi Suzu alivyobadilika, kwamba hata nyumbani ukimwomba kitu anatoa bila neno, kwamba kweli mtoto wa mwandishi hufuata vitabu. Alimshukuru Chisato mbele za watu. Alimletea keki. Chisato aliibeba ile keki mpaka nyumbani, akaitupa pamoja na boksi lake, akakaa jikoni akijiuliza ni kisasi gani hiki ambacho adui anakishukuru.

Jibu alilipata chooni.

Watoto walikuwa wameamka kutoka usingizi wa mchana na kupanga foleni, kila mmoja akikanyaga alama za nyayo zilizochorwa sakafuni ili wajifunze junban, yaani kwenda kwa zamu. Suzu alikuwa wa kwanza. Nyuma yake mtu akaimba kashite, niazime nafasi yako. Suzu akasema ii yo, akarudi nyuma hatua moja. Wa pili naye akaimba. Halafu wengine wote, wakicheka, maana mchezo ulishanoga. Chisato alikuwa akikunja mablanketi chumba cha pili. Alisikia kicheko kikibadilika, akatoka, akamkuta Suzu amesimama mwisho wa foleni, miguu imebanwa, maji yakimtiririka mpaka kwenye nyayo za rangi.

"Suzu kajikojolea," Gaku akatangaza. "Duka limevuja."

Chisato alimbeba mtoto, akamwingiza bafuni, akamvua, akamwosha kwa maji ya moto. Suzu hakulia. Alikuwa anawaza, paji la uso limekunjamana kama la mtu mzima.

"Mwalimu," akauliza, "na mkojo pia ni ii yo?"

Chisato alimfunika taulo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, hilo hakujidanganya. Alimwona msichana mwenye sare iliyopigwa pasi akipiga magoti kwenye mkeka wa watu, na akajua kwamba safari hii aliyempigisha magoti ni yeye. Lakini aibu haikuja peke yake. Ilikuja na ile hasira yake ya zamani, nayo sasa ilikuwa imesafishika, inamwona mtu mmoja tu, Reika.

"Hapana," akasema. "Mkojo si ii yo. Na mimi nilikufundisha vibaya, kosa ni langu. Sikiliza. Mtu akikuomba kitu ambacho hujamaliza nacho, unamwambia bado natumia. Ukiwa hutaki, unasema sitaki."

"Akilia je?"

"Alie."

Suzu akafikiri huku akiingiza mguu kwenye suruali kavu. "Na mama akilia?"

Chisato akachukua muda mrefu kumfunga vifungo. "Naye pia," akasema.

Siku ya kwanza Suzu alilisema neno hilo kwa sauti ya kunong'ona, na Gaku akadhani hakusikia vizuri. Chisato akamhakikishia kwamba alisikia vizuri. Siku ya pili Suzu alilisema kwa sauti. Kabla baridi haijakolea alikuwa anakaa kwenye bembea mpaka atosheke, na akiteremka anamwita mwenyewe anayefuata. Gaku alinuna, kisha akazoea. Nyumbani kwa akina Sonobe, inasemekana, mambo hayakwenda laini hivyo. Reika alikuja kulalamika kwamba mtoto amekuwa mkaidi, amemnyima kalamu zake mama yake mzazi. Chisato akamjibu kwa adabu zote kwamba huo ni umri tu, utapita.

Mwezi wa Novemba huwa kuna siku ya wazazi, na Bi Hatakeyama akapata wazo ambalo lilimkosesha usingizi kwa furaha. Mama Suzu angekuja kusoma kitabu chake na kumchora Monpei mbele ya watu wote kwenye karatasi kubwa, na mwandishi wa gazeti la mji angealikwa. Matayarisho akakabidhiwa Chisato. Alipoambiwa aliinama, akasema ataifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote, na hapo hakusema uongo.

Alitundika karatasi pana ukutani. Alinunua kalamu ya wino mzito, moja tu. Aliwazoesha watoto kwamba mtu akisema kashite, wote wanyamaze na kumgeukia anayeombwa, wangoje ajibu, maana ndiyo heshima. Kisha kila siku baada ya chakula akawauliza wangependa kumwona Monpei akifanya nini. Walisema akila, akilala, akijamba. Mmoja akasema anataka kumwona mgongo. Chisato akamsifu sana huyo wa mgongo, akalirudia wazo lake mara nyingi mpaka likawa la darasa zima.

Kwa sababu hilo alilijua peke yake, na alikuwa amelijua miaka mingi. Katika vitabu vyote vya Reika, Monpei hakuwahi kugeuka. Alionekana uso, alionekana ubavu, alionekana amekaa ameshika samaki, na kila mkao ulitoka kwenye kadi zilezile. Kwenye kadi Chisato hakumchora mgongo, basi Reika hakuwa na mahali pa kuutoa.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa, akina mama wamepiga magoti mbele, akina baba wamesimama nyuma na simu zao, vitabu vya Monpei mapajani vikingoja kutiwa sahihi. Reika alisoma vizuri. Sauti alikuwa nayo. Akamchora Monpei anayewaangalia, na watu wakapiga makofi. Alikuwa anainama kushukuru wakati Gaku aliposimama na kuomba mgongo.

Reika akacheka, akasema Monpei ana haya. Watoto hawakukubali. Mgongo, mgongo, walisema wote, wakipiga mikeka kwa viganja. Wazazi wakacheka nao. Mwandishi wa gazeti, dada mmoja kijana, akainua kamera. Reika akageukia karatasi, akavuta mstari, akasita, akavuta mwingine. Mabega yakatoka mapana mno, mkia ukaota mahali pasipo pake. Akajaribu kuuficha kwa manyoya.

"Hicho kiazi," akasema mtoto mmoja, bila ubaya.

Ukumbi ukacheka. Chisato akainuka kutoka kwenye kiti cha piano, akatembea mpaka mbele, akasimama mkono mmoja umenyooshwa.

"Mama Suzu," akasema, kisha akaimba kama wanavyoimba watoto, "kashite."

Watoto wakanyamaza papo hapo. Wakamgeukia Reika wote, wakangoja, kama walivyozoeshwa. Wazazi nao wakangoja, wakitabasamu, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Reika alimtazama Chisato, na tabasamu likabaki mdomoni huku macho yameshakimbia. Alielewa. Kalamu aliishika kama mtu aliyeshika nguzo ya daraja.

Katika kimya kile sauti ya Suzu ikasikika, ya kusaidia. "Mama, unaweza kusema bado. Mwalimu kasema siyo lazima."

Lakini ndilo neno ambalo Reika hakuweza kulisema. Watu waliokaa mbele yake walikuwa na vitabu vyake mapajani, na hakuna hata kimoja ambacho mtu aliombwa akakataa.

"Ii yo," akasema, akaiachia kalamu.

Chisato hakuchukua muda. Alianzia kisogoni, akauteremsha mstari mmoja mpaka mwisho wa mkia bila kuinua mkono, na pale pale fisimaji akawapo, mgongo umelowa, kichwa kimegeuka kidogo kama anayesikia mtu akimwita kutoka ukingoni, ncha ya sharubu iliyopinda ikichungulia kando ya shavu. Mtoto mmoja akasema, "Ni yeye." Wa kwanza, aliyechorwa na Reika, sasa alionekana kama picha ya kibandiko.

Dada wa gazeti akamuuliza mwalimu alijifunzia wapi kumchora vile.

"Sikujifunza," Chisato akasema, na alisema kwa utulivu ili wa nyuma wasikie. "Ni mtoto wangu. Nilimtengeneza hapahapa mjini nikiwa sekondari. Mama Suzu alikuja kumwazima kwangu, akasema atamrudisha Jumatatu. Bado ninamngoja."

Bi Hatakeyama akaanza kupiga makofi ili yaishe, lakini hakuna aliyemfuata. Mama yake Gaku, mwanamke mnene muuza tofu ambaye hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu, akatazama mikono yake na kusema kwamba alisoma darasa moja nao. Alisema ni kweli. Alisema wote walijua, na wote walinyamaza kwa sababu ya kiwanda.

Reika akamshika Suzu mkono, akatoka bila kuvaa viatu vizuri.

Gazeti halikuandika lolote la maana. Lilichapa picha ya fisimaji wawili ubavu kwa ubavu na kusema siku ya wazazi ilifana. Picha ilitosha. Mji ule ni mdogo, na hadithi iliyofungiwa kabatini muda mrefu ikitoka hutembea haraka. Ilifika Tokyo, ikafika kwa waliochapa vitabu, wakaanza kumpigia Reika simu na kumuuliza maswali ya adabu.

Theluji ya kwanza ilipoanguka Reika alikuja nyumbani kwa Chisato, peke yake. Alikaribishwa, akatengenezewa chai. Alianza kwa kulaumu, kwamba amefedheheshwa mbele ya mwanawe. Chisato akakubali kwamba ndivyo. Reika akasema kadi zilikuwa kadi tu, ni yeye aliyezihangaikia zikawa vitabu. Chisato akasema huenda. Mwishowe Reika akateremka kutoka kwenye mto wa kukalia, akaweka mikono kwenye mkeka na paji la uso juu yake.

"Gomen ne," akasema.

Chisato alizitazama zile nywele zilizotengenezwa vizuri, zenye chembe za theluji zikiyeyuka. Alikuwa ameota dakika hii kwa namna nyingi, na katika ndoto zake alikuwa anasema maneno mengi. Sasa hakuona haja.

"Nimekusikia," akasema.

Reika akangoja. Akainua uso. "Basi? Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Kunywa chai, inapoa."

Reika hakuinywa. Sikukuu za mwaka mpya zilipoisha alihamia Sendai kwa wakwe zake, na vitabu vya Monpei vikaacha kuchapwa. Siku Suzu anaaga, alikataa katakata kumpa Gaku kofia yake ya njano iwe ukumbusho, na Gaku akakubali kupewa kifungo cha koti.

Bi Hatakeyama alimwita Chisato ofisini akamwambia kwamba amewatumia watoto kwa mambo yake binafsi, na mwalimu wa namna hiyo hafai kushika darasa. Alimshusha chumba cha wachanga. Chisato hakubisha, maana lilikuwa kweli, tena mkuu hakujua hata nusu yake, hakujua la bembea wala la foleni. Hilo ndilo lililomsumbua akilala. La Reika halikumsumbua kamwe. Alingoja majuto ya la Reika yaje, kama watu wasemavyo kwamba huja, akaona miezi inapita, chakula kinashuka vizuri, anaimba anapofua.

Majira ya kuchipua mmoja wa wale wachapaji wa Tokyo alimpigia simu chekechea. Alizungumza kwa unyenyekevu mwingi. Alisema yaliyotokea yamewasikitisha wote, na kwamba wangeona fahari kama yeye, mwenye fisimaji wake, angemwendeleza. Watoto nchi nzima wanamuulizia.

Chisato alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine amemshika mguu.

"Hapana," akasema. "Simtoi tena kwa mtu."

Yule bwana akauliza kama angependa apewe muda wa kufikiri. Chisato akamwambia ameshafikiri muda wa kutosha, akamshukuru kwa simu yake, akaikata, akageuka haraka kwenda kuwaachanisha wachanga wawili waliokuwa wameanza kung'atana masikio.